IVF nje ya nchi kwa gharama nafuu: siku ngapi, vipimo gani, na bei ipi ni ya kweli?

Mwanga wa Alfajiri

Wakuu, heshima kwenu. Nawasaidia wenzi fulani kupanga safari ya IVF (kurutubisha mayai maabara, kisha kupandikiza) nje ya nchi kwa sababu ya gharama, na nataka tupige hesabu kabla hawajalipa chochote.

Taarifa zao: mke ana miaka 36, AMH (homoni inayoonyesha akiba ya mayai) ni 1.2 ng/ml. HSG (eksirei ya mirija ya uzazi) inaonyesha mirija yote miwili imeziba, na wa kulia umejaa maji. Mume ana mbegu milioni 9 kwa mililita, zinazotembea ni asilimia 25. Watatumia mayai na mbegu zao wenyewe, hawahitaji mchangiaji.

Wamepata majibu ya kliniki mbili. Bei ya moja ni karibu nusu ya nyingine, na zote mbili zinadai ni "kifurushi kamili". Inawezekanaje? Halafu wakae huko siku ngapi, wafanye vipimo gani kabla ya kuondoka, na dawa zinasafiri vipi? Viinitete (mayai yaliyokwisha rutubishwa na kuanza kukua) vikibaki, vinafanywa nini? Naomba majibu ya wanaoijua kazi hii.

---

Ovari na Kalenda

Mkuu, kabla ya kuzungumzia kliniki, ushughulikiwe kwanza huo mrija wenye maji. Maji yake hurudi ndani ya mji wa mimba na kuharibu mazingira ya kiinitete. Nafasi ya mimba kushika hupungua karibu nusu mrija ukiachwa hivyo. Dawa yake ni upasuaji wa tundu dogo: mrija unaondolewa, au unabanwa pale unapoungana na mji wa mimba. Kliniki inayoona HSG hiyo na bado inasema "njooni tupandikize mwezi huu", iulizwe swali hilo kwa maandishi.

Kwa AMH ya 1.2 madaktari wengine hupendelea kuvuna mayai kwanza, wagandishe viinitete, mrija ufanyiwe kazi, kisha ndipo wapandikize. Hilo hugeuza ratiba yote: safari ya kwanza ya kuvuna, upasuaji nyumbani, safari ya pili fupi ya kupandikiza. Ni bora wajue sasa kuliko kuambiwa wakiwa huko, tiketi zimeshakatwa.

Kwa mume, vigezo vya WHO vya mwaka 2021 vinaweka kima cha chini cha mbegu milioni 16 kwa mililita, na zinazotembea asilimia 42. Yupo chini ya vyote viwili. Arudie kipimo baada ya kujizuia siku 2 hadi 7, katika maabara inayohesabu vizuri. Mbegu huchukua takriban siku 72 kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo. Wakianza kujiandaa miezi mitatu kabla ya safari, kuacha sigara na kuepuka joto la sauna kutakuwa na maana. Wakianza wiki mbili kabla, hakutabadilisha kitu. Kwa namba hizi watahitaji ICSI, yaani mtaalamu wa maabara anachoma mbegu moja ndani ya kila yai lililokomaa. Wahakikishe imo ndani ya bei.

Vipimo vya kufanya nyumbani: homoni za FSH, LH na estradioli siku ya 2 au ya 3 ya hedhi, TSH na prolaktini, kundi la damu, kinga ya rubela, ultrasaundi ya ukeni ya kuhesabu folikoli ndogo (vifuko vya mayai) katika kila ovari, na mji wa mimba uangaliwe kwa maji au kwa kamera, kwa sababu polipu au faibroidi iliyochomoza ndani ikigunduliwa siku ya kupandikiza, safari imekwisha. Kisha VVU, homa ya ini B na C, na kaswende kwa wote wawili. Hivi vya maambukizi vina muda. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa wenzi wanaotumia mayai na mbegu zao zinataka viwe vimefanywa ndani ya miezi 3 kabla ya mbegu au mayai kuchukuliwa mara ya kwanza. Wakivifanya mapema mno watavirudia kwa bei ya huko.

Jina kwenye kila jibu la maabara lifanane herufi kwa herufi na pasipoti. Jambo dogo, lakini maabara ya IVF haipokei sampuli wala jibu lenye jina linalotofautiana, na wako sahihi kukataa.

---

Ovari na Kalenda

Naendelea na siku.

Sindano huanza siku ya 2 au ya 3 ya hedhi na huendelea siku 8 hadi 12. Kuanzia siku ya 5 au 6 ya sindano inaongezwa sindano ya kuzuia mayai yasitoke kabla ya wakati. Folikoli mbili tatu zikifika milimita 17 au 18, inachomwa sindano ya kukomaza, na mayai yanavunwa baada ya saa 34 hadi 36. Uvunaji wenyewe ni dakika 15 hadi 20 chini ya dawa ya usingizi. Siku ya 5 au 6 baada ya hapo viinitete vinafikia hatua ya blastosisti, vinapandikizwa au kugandishwa.

Wakifanya yote huko, wapange siku 18 hadi 21. Wakianzia sindano nyumbani, waende siku ya 6 au 7 ya sindano, itakuwa siku 10 hadi 14. Wakivuna na kugandisha tu, wanaweza kuondoka siku mbili tatu baada ya kuvuna ikiwa mke yuko salama. Safari ya kupandikiza kiinitete kilichogandishwa inahitaji siku 3 hadi 7.

Njia ya kuanzia nyumbani huokoa wiki nzima ya malazi, ila ina masharti. Kila ripoti ya ultrasaundi iandike kipimo cha kila folikoli kwa milimita, ovari ya kulia na ya kushoto, pamoja na unene wa ukuta wa mji wa mimba. Ripoti inayosema "folikoli kadhaa, zinaendelea vizuri" haimsaidii daktari aliye ng'ambo kupandisha au kushusha dozi. Waangalie pia vizio: estradioli ya 300 pg/ml ni takriban 1,100 pmol/l, na AMH yao ya 1.2 ng/ml ni karibu 8.6 pmol/l. Namba ikitumwa bila kizio, dozi inaweza kupangwa kwa mtu ambaye hayupo.

Na saa. Sindano ya kukomaza ikipangwa saa 4:30 usiku wa Jumatatu, mayai yatavunwa saa 4:30 asubuhi ya Jumatano. Saa inayotumika ni ya kliniki, si ya simu ambayo bado imebaki na majira ya nyumbani. Mayai yakichelewa kuvunwa, folikoli hupasuka zenyewe na daktari anakuta maji matupu. Sindano ikicheleweshwa kwa saa nzima, wapige simu kliniki usiku huo huo waseme saa halisi waliyochoma. Ratiba ya chumba cha uvunaji inaweza kusogezwa. Kilichofichwa hakiwezi kurekebishwa.

---

Mizani ya Bei

Kuhusu "kifurushi kamili", neno hilo halina maana moja. Waombe kila kliniki iweke bei mstari kwa mstari, na kila kisichomo kiandikwe "hakimo". Tofauti ya nusu kwa nusu mara nyingi iko hapa: dawa za kuchochea ovari (peke yake zinaweza kuwa sehemu kubwa ya gharama yote), ICSI, dawa ya usingizi, kukuza viinitete hadi siku ya 5, kugandisha, ada ya kuhifadhi kwa mwaka, na kupandikiza kwa mara ya pili. Kliniki ya bei ndogo huwa imeweka uvunaji na upandikizaji mmoja wa papo hapo, basi.

Mfano wa dawa. Dozi ya 225 IU (kizio cha kupimia nguvu ya dawa) kwa siku 10 ni 2,250 IU. Kalamu ya sindano ikiwa ya 900 IU, wanahitaji kalamu tatu, maana hakuna kununua mbili na nusu. Siku zikiongezeka hadi 12, ni 2,700 IU, kalamu tatu zile zile. Kwa mtu mwenye AMH ndogo dozi inaweza kufika 300 IU, na hesabu inabadilika: siku 10 ni 3,000 IU, kalamu nne. Kifurushi kinachosema "dawa zimo" bila kutaja kiwango cha juu cha IU kitawaletea bili ya nyongeza siku ya 8, wakati hawawezi tena kurudi nyuma.

Waulize pia kinachotokea mzunguko ukisimamishwa kabla ya kuvuna, mayai yasipopatikana, au kusiwe na kiinitete cha kupandikiza. Kiasi gani kinarudishwa? Jibu liwe kwenye mkataba.

Kisha asilimia za mafanikio. "Asilimia 60" ya nini? Ya waliopata kipimo chanya, ya walioonekana na mapigo ya moyo, au ya waliojifungua mtoto hai? Kati ya wote walioanza sindano, au kati ya waliofikia kupandikizwa tu? Mtu ambaye hakupata kiinitete hata kimoja hahesabiwi katika kundi la mwisho. Swali la kuuliza ni hili: kati ya wanawake wa miaka 35 hadi 37 walioanza sindano kwa mayai yao wenyewe, wangapi walijifungua? Umri ndio unaotawala. Takwimu za Uingereza za mwaka 2019 zilionyesha vizazi hai asilimia 32 kwa kila kiinitete kilichopandikizwa kwa walio chini ya miaka 35, na chini ya asilimia 5 kwa wa miaka 43 na zaidi wanaotumia mayai yao. Asilimia moja ya jumla kwa rika zote, tena yenye mayai ya wachangiaji ndani yake, haiwaambii chochote hawa.

Vinyongeza: kukwaruza ukuta wa mji wa mimba hakujathibitishwa kuongeza vizazi. Kupima kromosomu za viinitete kwa mwenye viinitete viwili hakumwongezei kiinitete cha tatu. Wasikubali kuuziwa kwa presha wakiwa mapokezini.

---

Maabara Usiku

Naongeza upande wa maabara, maana watu wengi huvunjika moyo kwa kutojua namba zinavyopungua.

Tuseme wamevuna mayai 8. Takriban manne kwa matano huwa yamekomaa, kwa hiyo 6. Yaliyochomwa kwa ICSI hurutubika karibu asilimia 70, yanabaki 4. Hili hukaguliwa saa 16 hadi 18 baadaye: tunatafuta viini viwili vidogo vya duara katikati ya yai, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Siku ya 3 kiinitete kizuri kina seli 8 hivi. Hadi siku ya 5 inafika takriban nusu au pungufu, yaani kiinitete 1 au 2. Kupungua huko ndiko kwa kawaida, wasidhani maabara imekosea. Kwa AMH hii, ni busara bajeti iwe ya mizunguko miwili ya kuvuna tangu mwanzo. Bajeti ya mmoja huwaacha na deni au huwafanya waache njiani.

Mume aache sampuli iliyogandishwa ya akiba siku ya kwanza ya kufika. Siku ya uvunaji, katika chumba cha ugenini na uchovu wa safari, baadhi ya wanaume hushindwa kutoa sampuli, na mayai hayasubiri siku mbili. Akiba hiyo pia humruhusu kurudi kazini mapema, alimradi fomu za ridhaa wamesaini wote wawili na kliniki imekubali.

Dawa: kalamu nyingi za FSH (dawa ya kuchochea ovari) hukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, na huvumilia hadi nyuzi 25 kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake. Kinachoziharibu haraka zaidi ya joto ni kuganda. Zibebwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini ya ndege. Kifuko cha barafu kifungwe kwa taulo, kisigusane na kalamu. Wawe na barua ya daktari yenye jina la kwenye pasipoti, jina la kitaalamu la dawa, idadi ya kalamu na sindano. Wakifika hotelini wasiweke kalamu kwenye ukuta wa nyuma ndani ya friji ndogo. Friji hizo hugandisha pale nyuma.

---

Karani wa Mipaka

Sheria zitafutwe kabla ya bei. Uturuki: wenzi wa ndoa tu, mayai na mbegu zao tu. Kanuni za mwaka 2010 zinaruhusu kiinitete kimoja kwa aliye chini ya miaka 35 katika mizunguko miwili ya kwanza, na kisizidi viwili kwa wa miaka 35 na kuendelea. Waende na cheti cha ndoa kilichotafsiriwa na kuthibitishwa. Ucheki: mwanamume na mwanamke kama wenzi, na umri wa mwanamke usizidi 49. Uhispania, kwa sheria ya 2006, inamkubali hata mwanamke asiye na mwenzi, na wachangiaji hawatajwi majina. Ugiriki tangu 2022 ukomo ni miaka 54, ingawa baada ya 50 kuna kibali cha ziada.

India, ambayo wengi huitazama kwa bei, ina sheria ya 2021: mwanamke awe na miaka zaidi ya 21 na chini ya 50, mwanamume chini ya 55. Ila kuna jambo wengi hawaambiwi: viinitete vyao wenyewe kutolewa nje ya nchi kunahitaji kibali cha bodi ya taifa, hata kama ni kwa matumizi yao. Na kuingiza viinitete India kumezuiwa tangu 2015, isipokuwa kwa utafiti. Kwa hiyo anayegandisha huko apange kurudi huko huko kupandikizwa, na ada ya hifadhi aihesabu kwa miaka, si miezi. Kuchagua au kutajiwa jinsia ya mtoto ni kosa kisheria, wasiulize. Waombe viza ya matibabu, si ya utalii.

Kwingineko, usafirishaji unawezekana kwa tangi kavu lenye mvuke wa naitrojeni. Kliniki inayopokea itataka majibu ya maambukizi, njia ya kugandisha, aina ya kijiti kilichotumika na kimiminika cha kuyeyushia. Wachukue nakala ya hizo karatasi siku wanayogandisha. Kuziomba miaka mitatu baadaye ni kazi nyingine.

---

Mwanga wa Alfajiri

Shukrani sana wakuu. Suala la mrija halikuwa limesemwa na kliniki yoyote kati ya hizo mbili. Limebaki swali moja: ile ya bei ndogo imesema itapandikiza viinitete vitatu "ili safari isipotee bure". Na je, akishapandikizwa anaruhusiwa kupanda ndege?

---

Nesi wa Zamu

Dada/kaka, vitatu wakatae. Mimba ya mapacha zaidi ya nusu huzaliwa kabla ya wiki 37, na ya watatu mapema zaidi. Kliniki ya ng'ambo haitakuwepo wakati huo. Kitakachowapokea ni chumba cha watoto njiti cha nyumbani, na bili yake ni yao. Kimoja kizuri kipandikizwe, vingine vigandishwe. Kliniki isiyoweza kugandisha vizuri ndiyo inayosukuma watu kwenye vitatu.

Ndege baada ya kupandikizwa haiondoi kiinitete, wala kulala kitandani siku kumi hakukisaidii kushika. Hatari ya ndege iko baada ya kuvuna. Ovari zikivimba kupita kiasi, maji hujaa tumboni na damu huwa rahisi kuganda. Dalili: uzito kuongezeka zaidi ya kilo moja kwa siku, mkojo kupungua, tumbo kujaa, pumzi kuwa fupi. Mwenye dalili hizo asipande ndege, aende hospitali alipo. Hali hii inaweza kuja mapema, siku chache baada ya sindano ya kukomaza, au kuchelewa hadi siku ya 10 na kuendelea ikiwa mimba imeshika. Kwa hiyo daktari wa nyumbani awe amejulishwa kabla. Mwenye AMH ya 1.2 hatari yake ni ndogo, lakini si sifuri. Soksi za kubana na maji ya kutosha safarini.

Sasa dawa ya kurudi nayo. Kiinitete kilichogandishwa kikipandikizwa kwa mzunguko wa vidonge vya estradioli, hakuna folikoli iliyopasuka, kwa hiyo mwili wake hautengenezi projesteroni (homoni inayoshikilia mimba) yake mwanzoni. Akiacha dawa wiki ya 5 kwa sababu mtu wa nyumbani amemwambia "mimba imeshashika, hazina kazi", mimba inaweza kutoka. Zinaendelea hadi wiki ya 10 au 12, kwa maelekezo ya aliyempandikiza. Hesabu yake: miligramu 400 mara mbili kwa siku, tangu siku ya kwanza ya projesteroni hadi wiki ya 10, ni siku 56, yaani vidonge 112 vya kuweka ukeni. Anunue vyote kabla ya kuondoka, na ajue kwamba vile vya mafuta huyeyuka kwenye joto.

Kipimo cha damu cha hCG (homoni ya mimba) siku 9 hadi 11 baada ya kupandikizwa blastosisti, kirudiwe baada ya saa 48 katika maabara ile ile. Ultrasaundi wiki ya 6 au 7, na wasiiruke hata kama hCG inapanda vizuri: kwa mwenye mirija iliyoharibika, mimba inaweza kutunga nje ya mji wa mimba hata baada ya IVF. Maumivu ya upande mmoja au ya begani, kizunguzungu, au damu kabla ya ultrasaundi hiyo, ni hospitali usiku huo huo, si kuandikia kliniki barua pepe.

Na wasitoke kliniki bila muhtasari wa tiba uliosainiwa: dozi za kila siku, idadi ya mayai, daraja la viinitete, tarehe ya kupandikizwa, dawa alizonazo na siku ya kuziacha. Daktari wa nyumbani ataanzia hapo.